Kutafuta Mahali Chumvi Inapoishia: Kwa Mashua Kutoka Kigamboni Hadi Mto Rufiji

Mume wangu alistaafu mwezi Juni mwaka jana, na tangu hapo akawa na mazoea ya kukaa barazani jioni nzima akitazama kwenye simu video za wazee wa Uingereza waliouza nyumba zao na kuhamia katika boti nyembamba zinazopita kwenye mifereji. Huko maji ni ya kuamrishwa: boti inaingia katika chumba cha mawe, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa au kupunguzwa, kisha mlango wa mbele unafunguliwa na bibi na bwana wanaendelea na safari yao wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua: "Mama watoto, sisi mfereji wetu uko wapi?" Nikamjibu kwamba wetu ni ule wa maji taka unaopita nyuma ya nyumba ya jirani. Hakucheka. Alikuwa ameshafungua ramani, na kidole chake kilikuwa kwenye delta ya Rufiji.

Nilikubali kwa sababu yangu mwenyewe. Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka 27, na kila mwaka nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita, na maji ya mto hayana hata chembe ya kuonja, kana kwamba baina ya hayo mawili pamechorwa mstari kwa rula. Sikuwahi kuuona mstari huo. Mto mkubwa kuliko yote nchini unaingia baharini umbali wa kama kilomita 130 tu kusini ya Kigamboni ninakoishi, nami nilikuwa nimeuvuka mara nyingi juu ya daraja, ndani ya basi la Lindi, nikiwa nimesinzia.

Mashua yenyewe ni ya futi 22, yenye tanga moja na mashine ya nguvu za farasi 15, ambayo mume wangu aliinunua kwa mvuvi wa Mjimwema. Baba yake alikuwa fundi wa mashua, kwa hiyo kila mbao aliigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kutoa pesa. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa, lakini hawakusema vilivyoundwa vinahitaji kuzibwa upya kila baada ya muda. Kwa wiki mbili, mashua ikiwa juu ya magogo ufukweni, tulishinda tukiipiga kalafati. Pamba inasokotwa, inachovywa katika mafuta, kisha inashindiliwa kwenye kila mwanya baina ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sikio ndilo linalokwambia kazi imekwisha, maana mlio wa mgongano hubadilika kutoka mlio wa debe tupu na kuwa mzito na mfupi, kama mtu anayegonga mlango wa msikiti. Nje tulipaka sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na harufu yake ilikaa kwenye kanga zangu mpaka leo ninapoandika.

Tulibishana jambo moja tu la maana, nalo ni nani awe nahodha. Mume wangu alinikumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nikamwambia kwamba wawili si wengi.

Wakati wa kuondoka haukuwa na mjadala. Mtu anayekwenda kusini kwa tanga husafiri na kaskazi, ambayo kwetu huvuma tangu Desemba hadi Machi, na anayerudi hungoja kusi. Tulichagua mwezi wa Februari, siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, kwa kuwa siku hizo za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa alfajiri na mashua ingeweza kusukumwa baharini bila ya kuvunja mgongo wa mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa haikuwa imetoa tahadhari yoyote ya upepo mkali wala mawimbi makubwa. Saa kumi na moja alfajiri vijana wa ufukweni walitusukuma, umande, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ukatutoa taratibu mbele ya pwani, na taa za meli zilizokuwa zikingoja zamu ya kuingia bandarini zikabaki nyuma yetu kama mtaa mwingine wa Dar es Salaam uliojengwa juu ya maji.

Kitu kilichonishangaza siku ya kwanza ni jinsi tulivyokuwa tukienda kasi bila ya kufika. Tanga lilikuwa limejaa, povu likipita ubavuni, lakini simu ilionyesha mwendo wa mtu anayetembea. Sababu yake ni kwamba mkondo mkuu wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, hata pale upepo unapovuma kinyume chake, kwa hiyo anayekwenda kusini hupanda mlima asiouona. Wavuvi hulikwepa jambo hilo kwa kuambaa na pwani, ndani ya miamba, nasi tukafanya hivyo. Tulipita visiwa vya Sinda, tukaliona pwani ya Mbwamaji, ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga kabla ya Sultani Majid kuanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na jioni tukalala Kimbiji. Siku ya pili ilikuwa ndefu na haikuwa na kisa, ila jua. Tuliifikia Kwale, kisiwa kilichoko mbele ya Kisiju, tukiwa na midomo iliyopasuka, na tukakaa huko siku nzima zaidi kwa sababu kaskazi ilikuwa imechafuka na mimi nilikuwa nimechoka kushika upo na kukumba maji ya ngama, yaani yale yaliyovuja ndani ya chombo. Kalafati yetu, niseme ukweli, haikuwa kamili.

Siku ya nne, karibu na adhuhuri, rangi ya bahari ilibadilika. Haikubadilika polepole kama nilivyotarajia. Kulikuwa na ukingo, upande mmoja kijani, upande wa pili rangi ya chai ya maziwa, na juu ya ukingo huo kumejipanga povu, majani makavu na vijiti kwa mstari uliopinda hadi machoni pasipofika. Mume wangu alizima mashine bila ya kuambiwa. Niliinama nikachota maji kwa kikombe upande wa kahawia, nikaonja na kutema: chumvi ile ile. Basi mto ulikuwa umetuma rangi yake kwanza, ladha baadaye.

Nyamisati ni bandari ndogo yenye shughuli nyingi, kwa kuwa hapo ndipo boti za abiria wanaokwenda Kilindoni, Mafia, huondokea. Tulitafuta rubani, na wenyeji wakatuletea kijana wa miaka thelathini hivi, mvuvi wa kamba, ambaye alitusalimia shikamoo, akaitazama mashua yetu kwa muda mrefu, kisha akauliza inazama kiasi gani ndani ya maji. Hakuuliza chochote kuhusu tanga wala mashine. Baadaye nilielewa kwamba katika delta hilo ndilo swali la pekee.

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, na ukiingia kwa mlango wa Simba Uranga unaelewa mara moja kwamba ramani haikusaidii, kwa sababu kila mkono wa mto unafanana na mwenzake na fungu la mchanga lililokuwapo mwaka juzi leo limehamia kwingine. Rubani wetu alisoma miti. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, husimama mililana yenye mizizi iliyochomoza kwenye tope kama misumari. Nyuma yake ni mikoko yenyewe, ile yenye mizizi ya matao, na ndani zaidi mikandaa na muia. "Mama, ukiona mkomafi na msikundazi wamekuwa wengi, ujue maji yameanza kulainika," aliniambia, na toka hapo nikaacha kabisa kuangalia simu.

Boriti zilizobeba dari za nyumba za mawe za Unguja, na za miji mingi ya Uarabuni isiyokuwa na miti, zilikatwa katika misitu ya namna hii na kupelekwa kaskazini kwa majahazi yaliyofuata kusi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vya zamani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa mti mmoja wa mkoko. Nilikulia katika chumba cha namna hiyo kwa bibi yangu, na sikujua mpaka siku ile kwamba nilikuwa nikilala chini ya Rufiji.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Siku ya sita ilikuwa ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Mume wangu alikuwa na jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, na alikuwa amesoma mahali kwamba ndani ya delta maji huchelewa. Hilo ni kweli. Lakini yeye alikadiria kwamba yanachelewa kwa saa tatu, na rubani alipotuhimiza tuondoke mapema, yeye akasema tule kwanza, muda tunao. Tukala wali na kamba wa kuchoma, chakula kizuri kuliko vyote vya safari, kwa sababu maji haya ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya kamba wa nchi hii. Saa nane mchana, katikati ya mkono mpana uliokuwa ukionekana kama ziwa, mkuku, yaani ubao wa chini kabisa wa mashua, uligusa chini. Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na sauti ya mtu anayekaa kwenye godoro. Rubani alichukua pondo, akasukuma mara tatu, kisha akaliweka chini na kukaa.

"Tumepwelewa, mzee," alisema kwa adabu kubwa.

Ndani ya nusu saa mashua ilikuwa imelala ubavu na maji yamebaki kama utepe umbali wa kutupa jiwe. Tulikaa hapo hadi saa tatu usiku. Jiko la mkaa halikuweza kuwashwa kwa sababu hapakuwa na mahali palipolala sawa. Kaa walitoka kwenye matundu yao kwa maelfu, na visamaki vidogo vyenye macho juu ya kichwa vikawa vinarukaruka kwenye tope, vikitutazama kwa namna ambayo mume wangu aliiona kuwa ya dharau. Jua lilipozama mbu walikuja kama walioitwa, na kutoka upande wa juu wa mto tukasikia viboko wakicheka, ile sauti yao nzito. Rubani alisema hawatakuja, kisha akaongeza kwamba mara nyingi hawaji.

Ili kupitisha muda, kijana alitusimulia habari za manowari ya bomba tatu, jina ambalo wenyeji waliipa meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg. Baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilirudi kujificha ndani ya mikono hii ya mto, na meli kubwa za Waingereza zikabaki nje miezi kadhaa zikilinda milango kwa sababu zilizama mno kuweza kuingia. Waingereza walilazimika kuleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazili ili zitumike katika mto Amazon, na ndizo zilizoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliivua mizinga yake yote 10 na kuendelea kupigana nayo nchi kavu. Nikamwambia mume wangu kwamba hata majeshi ya wanamaji ya dola kubwa yalishindwa na kina cha maji haya, kwa hiyo asijisikie vibaya. Hakunijibu. Baada ya muda alichukua shuka lake, lile alilokuwa amejifunika mwenyewe, akanifunika miguu hadi vidoleni na kulichomeka pembeni ili mbu wasipate upenyo. Tumeoana miaka 31. Sikuhitaji maneno zaidi.

Asubuhi yake nilianza kazi yangu. Nilikuwa nimebeba chupa ya soda ya kioo, nikaifunga jiwe chini, na kuiziba kwa gunzi la muhindi lililozungushiwa kitambaa, lenye kamba yake ya peke yake. Chupa inashushwa hadi chini ya mto ikiwa tupu. Ikifika, kamba ya pili inavutwa, gunzi linachomoka, mapovu yanapanda juu, na unajua kwamba umepata maji ya chini bila ya kuyachanganya na ya juu. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa ulimi, nikitema kila mara kwa kuogopa kipindupindu, na cha pili kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, kwa sababu kila mwanamke wa pwani anajua kwamba sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya bahari. Rubani alinishikia mkono kila nilipoinama, na si kwa sababu ya heshima tu: katika Rufiji mamba ni wengi, na mtu haning'inizi mkono wake majini kwa muda mrefu.

Mahali pa kwanza, maji ya juu yalikuwa yamepungua ukali na sabuni ilitoa povu dogo la kusitasita. Maji ya chini, pale pale, chini ya mashua ile ile, yalikuwa ya bahari kabisa. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sababu yake ningeweza kuiandika ubaoni nikiwa nimefumba macho, kwamba maji chumvi ni mazito zaidi na hivyo hupita chini wakati maji baridi yanateleza juu yake, lakini kuijua si sawa na kuushika ushahidi kwa mikono miwili, chupa mbili zilizojazwa mahali pamoja, moja ikitoa povu na nyingine ikikataa. Mstari niliokuwa nikiutafuta ulikuwa umelala, kama shuka, na ulikuwa ukisogea. Maji yakijaa unapanda juu ya mto, yakipwa unashuka. Wenyeji wanaishi kwa kuujua: tuliwaona akina mama wakienda na mitumbwi iliyosheheni madumu kufuata maji ya kunywa upande wa juu.

Mwaka nao una kujaa na kupwa kwake. Mvua za masika zikiufurisha mto, chumvi husukumwa nyuma na watu hulima mpunga mahali ambapo wakati wa kiangazi pangeua mche. Mzee mmoja tuliyemkuta akikarabati dungu lake, kibanda cha juu ya miti ambamo mkulima hulala wakati wa kuamia ndege na nguruwe, alitwambia kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1978 mto ulihamishia nguvu zake kwenye mikono ya kaskazini, na jamaa zake wa upande wa kusini wakaona mashamba yao yakiharibika kwa chumvi. Siku hizi, kabla ya kufika kwake, maji hupitia kwanza kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2115, kwa hiyo mzee huyo, ambaye jirani yake wa karibu hana umeme, huangalia mwezi, huangalia mawingu, na huuliza pia habari za bwawa.

Kutoka hapo mashua haikuweza kuendelea. Mafungu yalikuwa mengi na sisi tulikuwa tumeshapata adabu. Tuliiacha kwa ndugu wa rubani na kupanda mtumbwi mrefu wenye mashine ndogo, na kwa siku mbili tuliukwea mto wenyewe. Mikoko ilikwisha, yakaja matete, kisha mivumo mirefu na kingo za udongo zilizomomonyoka. Niliendelea kushusha chupa, lakini baada ya asubuhi ya kwanza haikuwa na kitu cha kuniambia: juu na chini, povu. Alasiri ya siku ya pili tuliliona Daraja la Mkapa, karibu mita 970 za zege zilizofunguliwa mwaka 2003 mahali ambapo zamani magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Tulipita chini yake wakati basi lilikuwa likipita juu, pengine lile lile la Lindi. Mume wangu alivua kofia na kuipungia. Nikafua kanga yangu kwa kile kipande cha sabuni, na povu lilikuwa jingi hata likaanza kuelea kuteremka na mto.

Tulirudi Dar es Salaam kwa basi kutoka Ikwiriri, saa chache tu kwa njia iliyotuchukua siku kumi na moja kwa maji, na nyingi kati ya hizo saa zilikuwa foleni ya Mbagala. Mashua bado iko delta, ikingoja kusi. Chupa zangu ziko dirishani jikoni. Tope limetulia chini na maji yake yamekuwa meupe kiasi kwamba mgeni mmoja alitaka kuyanywa. Jana jioni nilimkuta mume wangu barazani kama kawaida yake, lakini simu ilikuwa imelala kifudifudi. Alikuwa na jedwali la maji la bandari na kalamu nyekundu, na mbele ya kila tarehe ya mwezi Mei alikuwa akiongeza, kwa mwandiko wake mdogo wa kikarani, saa moja na robo, kama alivyofundishwa na rubani.